Champagne: hawa wazalishaji wadogo mbona hawajibu email? Msaada wa kupanga ziara

#1 Mkunazi_Mkavu
Wakuu salama. Mwezi wa tano mwakani nitakuwa Paris kikazi, nikimaliza mke ananikuta huko tuna siku chache za kwetu. Tumekubaliana hatutaki zile nyumba kubwa za champagne, yaani kampuni za mvinyo wa povu zilizoko miji ya Reims na Épernay, unakata tiketi mtandaoni, mnaingizwa handakini kundi zima mkiongozwa na binti mwenye kipaza sauti, mnatoka na glasi moja moja na duka mlangoni. Tunataka wakulima wenyewe, familia yenye hekta tatu nne, analima zabibu zake, anakamua mwenyewe, anatengeneza champagne mwenyewe. Nimekusanya majina, nimeandika email vijiji vya Avize, Cramant, Ambonnay, Bouzy, kimya. Mmoja tu kajibu, mstari mmoja, eti hawapokei wageni. Sasa hawa watu hawataki hela au kuna namna ya kuwaingia ambayo siijui? Waliofika leteni uzoefu.

#2 Kobe_Mwendapole
Umeme unakatika, bei ya mchele iko juu, mkuu anatuletea mapovu ya Wafaransa 😂😂 haya endeleeni, nimevuta kiti.

#3 Dada_wa_Reims
Mkunazi karibu huku. Naishi Reims na nimesindikiza wageni wengi huko vijijini. Jibu fupi ni kwamba hakuna mtu wa kujibu. Hiyo familia unayoisema ni baba, mama, pengine kijana mmoja na kibarua. Mwezi wa tano baba yuko shambani tangu alfajiri anapunguza machipukizi, na mpaka katikati ya mwezi roho iko juu kwa ajili ya jalidi, usiku mmoja tu wa baridi kali unaweza kuondoka na mavuno. Majira hayo hayo ndiyo wengi wanatia mvinyo kwenye chupa ili uchachuke mara ya pili. Email anafungua mama saa nne usiku akiwa amechoka, na zimejaa.
Halafu angalia kalenda, mwezi wa tano Ufaransa ni sikukuu tupu, tarehe 1, tarehe 8, na Kupaa kwa Bwana kunakoangukia Alhamisi, Ijumaa watu wanaunganisha wanasafiri.
Piga simu. Saa sita kasoro au jioni kuanzia saa kumi na moja. Saa sita mchana mpaka saa nane usimpigie mtu, anakula.

#4 Baharia_wa_Tanga
Dada kasema vizuri ila ameacha kubwa. Mleta uzi nakuhakikishia majina uliyokusanya ni yale yale yanayozunguka kwenye kila orodha. Ukisema Avize ni Selosse, ukisema Ambonnay ni Egly-Ouriet. Hao mzigo wao umegawanywa kabla haujatoka handakini, Tokyo wanataka, New York wanataka, mteja wa zamani hapo Ufaransa kwenyewe anapewa kwa mgao. Akuite wewe uje uonje chupa ambayo hana ya kukuuzia?
Champagne ina wakulima zaidi ya 16,000 kwenye hekta kama 34,000. Piga hesabu, ni wastani wa hekta mbili kila mmoja. Kati ya hao wote wewe umeng'ang'ania wanne ambao dunia nzima inawang'ang'ania.

#5 Kobe_Mwendapole
Subiri kwanza. Hekta moja ya huko Côte des Blancs, kwa kina Avize na Cramant, si inapita euro milioni moja? Mwenye hekta tatu huyo mnamwita mkulima mdogo?? Mimi nina ekari saba Kibaigwa na bado nadaiwa mbolea.

#6 Baharia_wa_Tanga
😂😂 Kobe tulia. Ardhi ni bei hiyo lakini haiuzwi, ni ya ukoo, akiuza wadogo zake hawamwelewi. Ila umegusa jambo. Kilo moja ya zabibu huko inapita euro sita, na nyumba kubwa zinazigombania. Mkulima akiamua anapeleka zabibu zote kwa mnunuzi, anapokea hela, analala. Kutengeneza chupa zake na kupokea wageni ni kazi anayojiongezea kwa mapenzi yake. Ndio maana habembelezi.

#7 Lushois_de_Goma
Jambo ba ndugu. Miye niko Épernay, kwetu Lubumbashi ila nimekomalia Goma. Dada na Baharia banasema kweli, lakini kitu ya kwanza ni luga. Mukulima wa pale iko na miaka sitini, Kingereza hasikie. Ukimutumia email ya Kingereza anaona ni ile ya matangazo, anatupa. Andika mu Français, mistari mitatu tu: siku gani, saa gani, batu bangapi. Na useme kama utabeba chupa. Kama ile ya mwisho haiko, anaona ni batalii ya kupiga foto.

#8 Mkunazi_Mkavu
Ahsanteni wote. Lushois, niliandika Kiingereza kweli, kifupi na cha adabu. Chupa sikutaja maana niliona kama ni kujipendekeza. Kwani wanatarajia ununue ngapi?

#9 Lushois_de_Goma
Hakuna sheria. Bengine banaomba kitu kama euro kumi ao kumi na tano ya kuonja, ukibeba chupa wanakuachia. Kuonja bure na kutoka mikono mitupu haipendezi.

#10 Njoro_Finest
Sasa mimi niwaambie ile kitu hamtaki kusema. Mimi ni Mkenya nafanya kazi Brussels. Niliandikia mzalishaji mmoja, simtaji, kwa Kifaransa safi kabisa, nimesomea Kifaransa mimi, nikaweka siku, saa, watu wanne na tutanunua katoni mbili za chupa sita sita. Kimya wiki mbili. Colleague wangu Mbelgiji akaandika maneno karibu yale yale, kesho yake asubuhi jibu, karibuni sana. Tulipofika pamoja jamaa alikuwa mpole, akatuonyesha kila kitu, hata akaniuliza kuhusu Kenya. So sielewi. Lakini jina langu lilikuwa kwenye email na halikujibiwa, hiyo siwezi kuisahau.

#11 mama_Neema
Pole Njoro. Hayo yapo na tusijifanye hayapo.

#12 Dada_wa_Reims
Njoro sikubishii, nimeishi hapa nimeyaona. Ila na mimi nina kisa cha kinyume, mume wangu ni Mfaransa, jina la Kifaransa hasa, aliandika kwa ajili ya birthday ya mama yake hakujibiwa na watatu. Wiki ya mavuno hata ukiwa Papa hujibiwi. Wewe uliandika mwezi gani?

#13 Njoro_Finest
Wa pili. Hakuna mavuno mwezi wa pili dada.

#14 Dada_wa_Reims
Haya, hapo sina neno.

#15 Baharia_wa_Tanga
Mwezi wa pili wanapogoa na wengi wako kwenye maonyesho ya mvinyo Paris. Lakini kama Mbelgiji alijibiwa wiki hiyo hiyo basi na mimi sijui nitetee vipi. Inawezekana email yako iliangukia kwenye takataka kwa sababu ya mtoa huduma, inawezekana ni hicho unachosema.

#16 Kisiki_cha_Mpingo
Mnazungumzia jina kwenye email, mimi nazungumzia waliokuwa shambani. Mavuno ya 2023 huko huko Champagne, kijiji cha Nesle-le-Repons, walikutwa wavunaji zaidi ya 50, wengi Waafrika Magharibi wasio na karatasi, wamelazwa kwenye nyumba chafu, chakula kibovu, ahadi za mshahara hewa. Kesi ilisikilizwa Châlons-en-Champagne, 2025 mahakama ikawatia hatiani watu watatu kwa biashara ya binadamu. Na mwaka ule ule wa 2023 kulikuwa na joto kali, kuna wavunaji walifariki kazini. Zabibu za Champagne kwa sheria zinavunwa kwa mkono, kwa hiyo kila chupa mnayoipigia hesabu ya euro kuna mgongo wa mtu uliinama. Kwa hiyo ukienda kwa huyo mkulima mdogo muulize, nani anavuna na analala wapi. Swali hilo ni la maana kuliko la mapovu.

#17 Lushois_de_Goma
Kisiki, ile ilikuwa kampuni ya kuleta bafanyakazi, si wakulima wadogo benyewe. Wadogo wengi banavuna na bajomba, barafiki, na batu bale bale kila mwaka banaotoka Pologne.

#18 Kisiki_cha_Mpingo
Wengi, hukusema wote. Na kampuni hiyo wavunaji ilikuwa inawapeleka kwenye mashamba ya nani? Ndio maana nikasema aulize.

#19 Fundi_Pipa
Naomba turudi kwenye kupanga maana mleta uzi ana safari. Mkuu kabla ya kupiga simu jifunze kusoma lebo. Chini kabisa, maandishi madogo unayahitaji miwani, kuna herufi mbili na namba. RM maana yake analima mwenyewe na kutengeneza mwenyewe, anaruhusiwa kununua zabibu za nje asilimia 5 tu. NM ni nyumba inayonunua zabibu. CM ni ushirika. Wewe tafuta RM tu, hao wengine achana nao.

#20 Baharia_wa_Tanga
Fundi, umesahau RC na ndiyo inayowachanganya watu. RC ni mkulima wa AMCOS: anapeleka zabibu kwenye ushirika, ushirika unakamua na kuchachusha, anarudishiwa chupa anabandika lebo yenye jina la ukoo wake. Ukienda kwake utapokelewa vizuri sana, nyumba nzuri, maua dirishani, ukimwambia nionyeshe mapipa anakuonyesha gereji yenye trekta.
Na hilo la "NM achana nao" si kweli. Kuna wakulima wadogo kabisa wamejiandikisha NM ili wanunue zabibu kidogo za jirani au za shangazi jalidi ikiwapiga. Herufi hazikuambii ladha wala ukubwa.

#21 Fundi_Pipa
Sawa RC nimekubali. Ila kwa mtu anayeenda mara ya kwanza RM bado ndiyo njia fupi. Na kuna alama ya chama cha wakulima huru wa mvinyo, kijitu kimebeba pipa begani, ukiiona kwenye kifuniko ujue huyo anatengeneza cha kwake.

#22 Ustadh_wa_Makadara
Mimi kinywaji sinywi, nawaambia mapema msije mkaniuliza. Lakini nimewaendesha wenzangu wa kazini huko mara kadhaa, mimi ndiye dereva wao wa milele. Mambo mawili. La kwanza, sheria ya Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kama leseni yako haijatimiza miaka mitatu ni 0.2, yaani glasi moja tu umekwisha. Askari wa vijijini wanajua kabisa watu wanatoka wapi. Kwa hiyo ama mna mtu kama mimi, ama mtumie ndoo ya kutemea, hakuna anayekushangaa ukitema, mwenye nyumba mwenyewe anatema.
La pili, kama hamna gari kuna treni ndogo ya Reims kwenda Épernay inapita katikati ya mizabibu, inasimama Rilly-la-Montagne, Germaine, Avenay na Aÿ. Mkishuka Rilly au Aÿ mnatembea kwa miguu, wakulima wako mtaani pale pale, mabango kwenye mageti. Côte des Blancs, Avize na Cramant huko, bila gari au baiskeli ya umeme mtateseka.

#23 mama_Neema
Ustadh unapata nini sasa ukiwa huko, unakaa kwenye gari?

#24 Ustadh_wa_Makadara
Nashuka nao mama. Mzee mmoja, sisemi wa wapi, aliponiona sinywi akaniita pembeni nimshikie tochi. Chupa zimekaa kwenye mbao zenye matundu, vichwa chini ili mashapo yateremke mdomoni, kila moja kitakoni ina mstari wa rangi nyeupe ili ajue amezungusha mpaka wapi, anazigusa mbili mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, krk krk, robo ya nusu mzunguko. Anasema mashine inafanya hiyo kazi kwa siku chache, yeye kwa mkono ni wiki kadhaa. Halafu akachukua moja, akaielekeza chini, akaibana kwa ndani ya mkono, akafungua kifuniko cha chuma huku anaipandisha, mashapo ya hamira yakaruka pwaa ukutani kwenye chaki, na kidole gumba kishaziba mdomo. Alichopoteza hapo ni kama kijiko kimoja tu. Mimi shati lilinuka mkate mpaka Reims, dispatcher wa parking ananiangalia.

#25 Kobe_Mwendapole
Ustadh umeenda nyumbani na shati linanuka ukamwambia nini bi mkubwa 😂😂😂

#26 Ustadh_wa_Makadara
Hayo hayahusu uzi.

#27 Shangazi_Mtata
Wakati mnahangaika na vijiji, nendeni Hautvillers mkaone kaburi la Dom Pérignon, yule mtawa aliyegundua hicho kinywaji, yuko ndani ya kanisa, kutoka Épernay ni karibu tu. Na mandhari ya mto Marne pale juu ni ya picha.

#28 Fundi_Pipa
Kaburi ni kweli, kugundua si kweli shangazi. Dom Pérignon alifariki 1715 na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa anapambana mvinyo usitoe povu, maana chupa zilikuwa zinapasuka. Alichokuwa fundi ni kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Waingereza wanakwambia Christopher Merret aliandika 1662 kuhusu kutia sukari kwenye mvinyo ili uchangamke, kabla mtawa hajafika hata Hautvillers.

#29 Lushois_de_Goma
Na bale ba Limoux, kusini, banasema watawa ba Saint-Hilaire balikuwa na mvinyo ya povu tangu 1531. Kila mutu iko na mutawa wake.

#30 Shangazi_Mtata
Basi mtawa wangu ana kaburi zuri. Nendeni.

#31 Mtu_wa_Tours
Mimi nashangaa hakuna aliyemwambia huyu ndugu aachane na Champagne. Ufaransa imejaa povu. Vouvray na Montlouis huku kwetu Tours, zabibu ni chenin, mahandaki yamechimbwa kwenye mawe meupe laini, unagonga geti Jumamosi mzee anatoka na sweta anakufungulia chupa tatu, bei nusu. Akitaka tamu kwa ajili ya mke kuna Cerdon kule Bugey, ya pinki, kilevi kidogo kama asilimia nane, vijiji vya mlimani hakuna mtalii. Champagne watu wamezoea kuombwa ndio maana wana pozi.

#32 Njoro_Finest
Vouvray nilijibiwa. Kwa jina langu lile lile. Sisemi kitu, naweka tu hapa.

#33 Baharia_wa_Tanga
Hata ndani ya Champagne kwenyewe kuna kwa wanyonge. Nenda kusini, mkoa wa Aube, Côte des Bar. Treni kutoka Paris Est mpaka Troyes saa moja na nusu hivi, inaendelea mpaka Bar-sur-Aube. Hao walibaguliwa na wenzao, mwaka 1911 watu waliandamana na kuchoma majumba Aÿ kwa ugomvi huo huo wa nani ni Champagne na nani siye, mpaka sheria ya 1927 ndipo Aube wakaingizwa moja kwa moja. Mpaka leo wana kitu cha kuthibitisha, kwa hiyo mgeni anapokelewa.

#34 Dada_wa_Reims
Baharia majumba ya Aÿ walichoma wa mkoa wa Marne wenyewe, huku kwetu Reims na Épernay, si wa Aube. Wa Aube waliandamana kwao Troyes na Bar-sur-Aube. Hasira za Aÿ zilikuwa kwa wafanyabiashara waliokuwa wanaleta zabibu za nje ya mkoa, na za kuona Aube inataka kurudishwa ndani ya Champagne.

#35 Baharia_wa_Tanga
Hiyo ndiyo nimesema, ugomvi huo huo.

#36 Dada_wa_Reims
Siyo hiyo uliyosema lakini tuendelee 😄

#37 Mzee_wa_Hombolo
Vijana habari. Mimi nalima zabibu Dodoma, nawasoma tangu jana. Kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja, na bado wao wanatajirika. Naomba mtakaofika mniulizie kitu kimoja, wanakamuaje bila rangi ya ganda kuingia, maana nasikia wanatumia zabibu nyeusi na mvinyo unatoka mweupe.

#38 Fundi_Pipa
Mzee shikamoo. Zabibu nyeusi zao ni pinot noir na meunier, nyama ya ndani haina rangi, rangi iko kwenye ganda. Wanazipeleka nzima nzima na vikonyo vyake, hazipondwi, mashine ni pana na inabana polepole. Kilo 4,000 wanaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu, na zile 2,050 za kwanza ndizo bora. Baada ya hapo wanaacha hata kama bado kuna maji ya kutosha.

#39 Mzee_wa_Hombolo
Marahaba. Sisi tungekamua mpaka mbegu zilie. Ahsante.

#40 Mkunazi_Mkavu
Uzi umenisaidia sana. Nimempigia mmoja Rilly leo saa sita kasoro kama Dada alivyosema, Kifaransa changu cha kubahatisha, amekubali Ijumaa saa nne asubuhi. Mpango ni huu: Ijumaa Rilly asubuhi na Aÿ mchana kwa treni ya Ustadh. Jumamosi baiskeli za umeme Avize, Cramant, Le Mesnil, Vertus, nimeweka wanne. Jumapili Troyes na Côte des Bar. Chupa nabeba kumi na mbili. Kosoeni.

#41 Dada_wa_Reims
Wanne kwa siku haiwezekani, kila mmoja anakuchukua saa moja na nusu mpaka mbili akianza kuongea, na saa sita mpaka nane kumefungwa. Wawili, watatu ukijitahidi. Na Jumapili wadogo wengi hawafungui. Weka Hautvillers Jumapili, kaburi la shangazi halifungwi kwa sikukuu.

#42 Ustadh_wa_Makadara
Baiskeli na watatu wa kuonja, temeni. Sheria ya pombe haijasema gari peke yake.

#43 Kobe_Mwendapole
Chupa kumi na mbili anazibeba na mgongo wa nani?

#44 Fundi_Pipa
Chupa ya champagne tupu peke yake ni gramu 835, nene hivyo kwa sababu ndani kuna mgandamizo wa karibu mara sita ya hewa ya kawaida. Ikijaa inafika kilo 1.6. Sita ni karibu kilo kumi, kumi na mbili ni karibu ishirini. Na forodha ya Afrika Mashariki wanakuachia mvinyo lita mbili bila ushuru. Ni chupa mbili, ya tatu inaanza mazungumzo.

#45 Mkunazi_Mkavu
Mke ana begi lake pia, tutagawana. Hivyo Jumamosi nimpunguze nani kati ya Cramant na Vertus?

#46 Lushois_de_Goma
Toa Vertus, ni mbali kwa baiskeli.

#47 Baharia_wa_Tanga
Toa Cramant. Vertus wanajibu simu.